Kocha na Mtoano: Kisa cha Timu ya Gofu ya Oklahoma State

Tarehe 30 Mei 2018, katika uwanja wa Karsten Creek ulioko nje kidogo ya mji wa Stillwater, jimboni Oklahoma, timu ya gofu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma iliifunga Alabama 5-0 na kuwa bingwa wa vyuo vya Marekani. Huo ulikuwa ubingwa wake wa 11. Aliyepita juujuu angesema kwamba hapakuwa na la ajabu, kwa sababu timu kubwa ilishinda nyumbani, mbele ya watu wake. Lakini timu hiyo ilikuwa haijagusa kombe tangu mwaka 2006, na katika miaka hiyo 12 ilikuwa na vijana ambao leo majina yao yanajulikana popote gofu inapochezwa. Rickie Fowler alipita hapo akaondoka bila ubingwa wa timu. Peter Uihlein vilevile.

Kisa hiki nakichambua kwa sababu kinagusa jambo ambalo mashabiki wa mchezo wowote hulihukumu kwa haraka mno, nalo ni kazi ya kocha na namna ya kuipima. Katika miaka hiyo 12 chuo kilikuwa na makocha wawili. Mmoja aliondolewa, mwingine akabebwa juu. Nikiitazama kazi yao kwa karibu, naona kwamba tofauti kati yao ni ndogo kuliko vikombe vinavyoonyesha, ingawa tofauti ipo, na inastahili kuelezwa ilivyo.

Tuanze na msingi wa programu yenyewe. Labron Harris aliijenga tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuipa ubingwa wa kwanza mwaka 1963. Mwaka 1973 alimwachia Mike Holder, kijana aliyekuwa amecheza chini yake. Holder alikaa kwenye nafasi hiyo miaka 32 na kutwaa ubingwa wa taifa mara 8, kuanzia 1976 hadi 2000. Mtu anaweza kuvisoma vikombe hivyo haraka akaenda zake, lakini kazi ya Holder iliyodumu zaidi ni uwanja. Alizunguka kutafuta wafadhili, akaitisha michango, na mwaka 1994 Karsten Creek ukafunguliwa, uwanja uliochorwa na Tom Fazio katikati ya msitu wa mialoni mifupi yenye matawi magumu, ambako mpira ukitoka njiani huhesabiwa umepotea. Uwanja huo unaitwa kwa jina la Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyeanzisha kampuni ya fimbo za gofu ya Ping. Shimo la mwisho linapakana na ziwa lililopewa jina la mkewe, Louise. Anayehitaji kulinda ushindi wake pale anafika shimo la 18 akiwa amechoka, na maji yanamtazama njia nzima.

Kwa kocha wa chuo, uwanja kama huo ni chombo cha kuandikisha wachezaji. Hadi msimu wa 2024/25, kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ziliruhusu timu ya gofu ya wanaume kugawa ufadhili wa masomo usiozidi wa watu 4 na nusu kwa timu nzima. Kocha aliukata ufadhili huo vipandevipande: huyu nusu, yule robo, mwingine vitabu tu. Kwa hiyo hakuweza kununua kikosi kwa ufadhili peke yake. Ilimbidi amshawishi kijana wa miaka 17 kwamba pale atakuwa mchezaji bora kuliko pengine popote, na hoja aliyokuwa nayo Holder ni ile ardhi: uwanja mgumu, upepo wa Oklahoma, na wenzako wanaokutoa jasho kila siku.

Mfumo wa mashindano wa enzi hizo uliwafaa watu wa namna hiyo. Kila timu ilikuwa na wachezaji 5, na kila siku matokeo 4 bora, yaani yenye mipigo michache zaidi, yalihesabiwa. Mashindano yalichukua siku 4 za mashimo 18. Ukizidisha, ubingwa wa timu ulitokana na mashimo 288 yaliyoandikwa kwenye hesabu. Huo ni mfano wa ligi ndefu: bahati ya asubuhi moja inazama ndani ya mashimo 288, na timu yenye kina huibuka juu. Hata hivyo, hata ligi ndefu inaweza kuisha kwa uzi mwembamba. Mwaka 1995 Oklahoma State na Stanford, iliyokuwa na Tiger Woods, zilimaliza siku zote 4 zikiwa sare kwa mipigo 1,156, na ikabidi shimo la ziada liamue. Oklahoma State ikashinda. Miongoni mwa wachezaji wa timu hiyo alikuwamo kijana aitwaye Alan Bratton, ambaye tutarudi kwake.

Mwaka 2005 Holder alipanda kuwa mkurugenzi wa michezo wa chuo, na timu ikakabidhiwa kwa Mike McGraw. Msimu wake wa kwanza ulikuwa wa ndoto: mwaka 2006, huko Sunriver, Oregon, alitwaa ubingwa wa taifa. Hapo hakuna aliyekuwa na shaka naye. Kisha, mwaka 2009, NCAA ikabadilisha sheria ya mchezo, na hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanza.

Kwa mujibu wa mfumo mpya, timu zinaanza kwa kuhesabu mipigo kama zamani, lakini hatua hiyo haimpati tena bingwa wa timu. Inachuja tu timu 8 bora, ambazo huingia kwenye mtoano. Katika mtoano, wachezaji 5 wa timu moja wanakutana ana kwa ana na 5 wa timu nyingine, kila shimo lina mshindi wake, na anayeongoza kwa mashimo mengi kuliko yaliyobaki amemaliza kazi. Timu inayopata michezo 3 inasonga mbele. Tofauti ya roho ya michezo hii miwili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mchezaji akitumbukiza mipira 2 majini na kumaliza kwa mipigo 10 shimo linalotarajiwa kuchukua mipigo 4, katika hesabu ya zamani ameipa timu yake mzigo wa mipigo 6 ambao wenzake watahangaika kuulipa siku nzima. Katika ana kwa ana amepoteza shimo moja tu, anafuta jasho na kwenda la pili. Uthabiti, ambao ndio ulikuwa mtaji wa Oklahoma State, ukapungua thamani. Ujasiri wa muda mfupi ukapanda bei.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo hili. Chukua timu bora kuliko zote, ambayo kila mchezaji wake ana nafasi 6 katika 10 za kumshinda yeyote anayesimama mbele yake. Nafasi ya timu hiyo kushinda angalau michezo 3 kati ya 5 ni takriban asilimia 68. Ni nzuri. Lakini bingwa lazima ashinde robo fainali, nusu fainali na fainali mfululizo, na ukizidisha asilimia hizo mara tatu unabaki na takriban 32. Kwa maneno mengine, timu iliyo bora waziwazi itaukosa ubingwa mara 2 katika kila miaka 3. Ukiipandisha timu hiyo iwe ya kutisha kabisa, kila mchezaji awe na nafasi 7 katika 10, bado ubingwa utakuwa wake kwa takriban asilimia 59 tu. Bodi ya chuo inayomhukumu kocha kwa vikombe inapaswa kuziweka tarakimu hizi mezani kabla ya kufungua mdomo.

McGraw alizionja tarakimu hizo mwilini. Mwaka 2009 kikosi chake, Fowler akiwamo, kiliongoza hatua ya mipigo na kikang'olewa na Georgia katika robo fainali. Chini ya sheria ya mwaka uliotangulia, kuongoza huko kungewaweka karibu na ubingwa. Mwaka 2010 walifika fainali katika uwanja wa Honors Course, Tennessee, wakakutana na Augusta State, chuo kidogo cha Georgia ambacho katika michezo mingine kilishiriki daraja la pili. Augusta State, chini ya kocha Josh Gregory, ilishinda, na Patrick Reed akamwangusha Uihlein katika pambano lao. Mwaka 2011 mashindano yaliletwa Karsten Creek kwenyewe. Nusu fainali, nyumbani, Augusta State ileile ikawatoa tena, na Reed akamfunga Uihlein tena, safari hii kwa tofauti ya mashimo 8 yakiwa yamebaki 7. Gregory na vijana wake waliendelea hadi kutwaa ubingwa wa pili mfululizo kwa kuifunga Georgia, jambo ambalo hakuna chuo kilichokuwa kimelifanya tangu Houston ya 1984 na 1985.

Simulizi ya Augusta State ni tamu, na ninaipenda kwa dhati. Kwa chuo kile, mtoano ulikuwa mlango ambao ligi ya mashimo 288 isingeufungua kirahisi. Ila haki ya mnyonge isitufanye tumdhulumu aliyeshindwa. McGraw alikuwa ameipeleka timu yake robo fainali, fainali na nusu fainali katika miaka 3 ya kwanza ya mfumo mpya. Mwaka 2013 chuo kiliachana naye.

Kinachofuata nakiona kama moyo wa kisa hiki. McGraw alikwenda Alabama kuwa kocha msaidizi chini ya Jay Seawell. Oklahoma State ikampa timu Alan Bratton, yule kijana wa mwaka 1995, ambaye kwa misimu 2 iliyopita alikuwa akifundisha timu ya wanawake ya chuo hichohicho. Mwaka mmoja baadaye, 2014, kwenye uwanja wa Prairie Dunes jimboni Kansas, Bratton aliifikisha Oklahoma State fainali katika msimu wake wa kwanza. Waliosimama upande wa pili walikuwa Alabama, McGraw akiwa katika benchi lao la ufundi. Alabama ikashinda 4-1. Mtu aliyeonekana hatoshi Stillwater alikuwa sehemu ya ushindi dhidi ya Stillwater, na vijana wengi wa upande ulioshindwa ni yeye aliyewalea. Muda mfupi baadaye alipata timu yake mwenyewe, Baylor.

Je, Bratton alileta kipi ambacho McGraw hakuwa nacho? Hapa nitasema ninavyoona mimi. Kocha wa gofu hana mabadiliko ya mbinu dakika ya 60. Hawezi kuingiza mshambuliaji. Kazi yake kubwa imekwisha kabla mashindano hayajaanza: amemchagua nani, amewapambanisha vipi mazoezini, amewapa safari zipi za ugenini. Siku yenyewe anabakiwa na jambo moja, lakini ni jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kanuni za gofu ya vyuo zinamruhusu kutembea na mchezaji na kumshauri shimo kwa shimo. Kwa kuwa wachezaji 5 wametawanyika uwanja mzima, anapaswa kuamua ni nani anayemhitaji sasa hivi, na ni nani ambaye akifikiwa atazidi kutetereka. Katika siku ya kuhesabu mipigo uamuzi huo una nafasi ya kusahihishwa kesho. Katika mtoano hauna kesho.

Na hapo ndipo Bratton alikuwa amepata elimu ambayo makocha wachache wanayo. Mwezi Agosti 2010, miezi michache baada ya Uihlein kuangushwa fainali na Reed, kijana huyo alikwenda Chambers Bay, jimboni Washington, kucheza ubingwa wa ridhaa wa Marekani, mashindano ambayo nayo huishia kwenye mtoano wa ana kwa ana. Aliyembebea mfuko wa fimbo alikuwa Bratton, wakati huo kocha msaidizi. Uihlein alishinda siku aliyotimiza miaka 21. Kedi, yaani mbeba mfuko huo, hasimami pembeni na kutazama ubao. Anatembea hatua moja nyuma ya mchezaji, anasikia pumzi yake, anapima umbali, anampa fimbo, na anajua lini anyamaze. Mechi 6 za namna hiyo mfululizo, kila moja ikiwa ya mwisho kwa anayeshindwa, ni chuo kikuu cha mtoano. Sidhani kwamba kocha aliyepitia hapo anaitazama asubuhi ya robo fainali kama mwenzake ambaye ameishi maisha yake yote kwenye jedwali la mipigo.

Hata hivyo, elimu hiyo haikumpa kombe mara moja. Baada ya 2014 ilimbidi asubiri miaka 4, muda ambao, kwa kipimo kilichotumika kwa mtangulizi wake, ungetosha kumtia wasiwasi. Katika miaka hiyo alijenga kikosi: Zach Bauchou, Austin Eckroat kijana wa Oklahoma, Matthew Wolff kutoka California mwenye mtindo wa kupiga ambao kocha mwingine angejaribu kuunyoosha, na vijana wawili kutoka Norway, Kristoffer Ventura na Viktor Hovland. Inapendeza kwamba uwanja wenye jina la mhamiaji wa Norway ulipata ubingwa wake kwa msaada wa Wanorway wawili; lakini isidhaniwe kwamba walifika pale kwa hisia za nyumbani. Walifika kwa sababu ile ile iliyowavuta wenzao tangu 1994.

Wiki ile ya Mei 2018, Karsten Creek ulikuwa na deni na wenyeji wake. Mwaka 2003 mashindano yalipoletwa pale, Clemson iliwapokonya ubingwa na Oklahoma State ikabaki ya pili. Mwaka 2011 ilikuwa Augusta State. Na kana kwamba kumbukumbu hazikutosha, bingwa wa mchezaji mmojammoja wa 2018 alitoka Augusta, chuo kilekile kidogo: Broc Everett, aliyeshinda katika shimo la ziada. Aliyekuwa na umri wa kukumbuka alikuwa na sababu ya kunyamaza. Kisha ukaja mtoano, na wenyeji wakapita raundi ya kwanza na ya pili, wakaikuta fainali Alabama ileile ya Seawell. Safari hii hapakuwa na uzi mwembamba. Michezo yote 5 ilikwenda upande mmoja. Matokeo ya 5-0 katika fainali ni nadra mno, na sitayaeleza kwa bahati. Bahati inaweza kukupa mchezo wa tatu, haiwezi kukupa mitano.

Miezi mitatu baadaye, huko Pebble Beach, Hovland alikuwa Mnorway wa kwanza kutwaa ubingwa wa ridhaa wa Marekani, akimshinda mpinzani wake wa fainali kwa mashimo 6 yakiwa yamebaki 5. Mfuko wa fimbo ulikuwa begani mwa Bratton.

Kama kisa kingeishia hapo, ingekuwa rahisi kusema kwamba chuo kilimpata mtu sahihi na mambo yakanyooka. Lakini mwaka 2019 ulikuja, na mwaka huo unapaswa kusomwa na kila anayeajiri au kufukuza kocha. Wolff na Hovland walikuwa wamerudi wakiwa wamekomaa zaidi. Katika uwanja wa Blessings, jimboni Arkansas, Oklahoma State iliongoza hatua ya mipigo kwa tofauti ya mipigo 31 dhidi ya timu iliyofuata, na Wolff akawa bingwa wa mchezaji mmojammoja. Kwa sheria za enzi ya Holder, huo ungekuwa miongoni mwa ushindi mkubwa kabisa. Siku iliyofuata Texas iliwafunga 3-2 katika nusu fainali, na kombe likaenda Stanford. Wolff na Hovland wakaingia gofu ya kulipwa majira hayohayo, na kikosi kikavunjika.

Kuna watu huchukulia mwaka 2018 kuwa kazi ya kocha na mwaka 2019 kuwa ajali. Mimi naona kazi ya 2019 ilikuwa sawa na ya 2018, huenda ilizidi; kilichowakosesha ni mchezo mmoja kati ya 5 katika siku moja. Na tukikubali hilo kwa Bratton, haki inatulazimisha kulikubali pia kwa McGraw na zile nusu fainali na fainali zake. Yule wa kwanza hakuwa dhaifu kiasi alichoonekana. Alikutana na sheria mpya ikiwa bado mbichi, mbele ya mkurugenzi aliyekuwa ametwaa vikombe 8 chini ya sheria ya zamani na ambaye, kwa ubinadamu wa kawaida, huenda alivipima vya sasa kwa mizani ya jana. Sisemi hivyo kumshutumu Holder, kwa sababu aliyejenga nyumba kwa mikono yake ana uchungu nayo.

Tofauti ninayoikubali ni kwamba Bratton alipewa muda. Baada ya 2019 hakuna aliyemwondoa. Aliandikisha upya, akapoteza tena, akaandikisha tena. Mwezi Mei 2025, kwenye uwanja wa La Costa huko Carlsbad, California, kikosi kisicho na hata mchezaji mmoja wa 2018 kiliifunga Virginia 4-1 na kuipa Oklahoma State ubingwa wa 12. Ulikuwa msimu wa 12 wa Bratton kazini, na kombe lake la pili. Holder, wakati huo, alikuwa amekwisha kustaafu ukurugenzi kwa miaka 4.